Mzee wa sarafu wa Tabora: anafunga chenji, anafungua roli za zamani, na bei anakutajia huku unaona mwenyewe

Wakuu salama? Watu wengi wamekuwa wakiniuliza chenji ya dukani naitoa wapi wakati mji mzima unalia chenji, na wengine wanauliza zile hela za kikoloni nilizonazo nilizithaminisha kwa nani. Jibu ni moja kwa maswali yote mawili kwahiyo naandika mara moja tu hapa kila mtu asome. Mi nina duka la rejareja Isevya, Tabora mjini, na mtu ninayemuongelea ni mzee mmoja mwenye kibanda karibu na soko kuu, jina lake silitaji kwasababu hajaniruhusu, ila ukifika pale ukauliza mzee wa sarafu hata watoto wa shule wanakuonesha.

Tuanze na chenji maana ndio inayompa wateja wengi. Asubuhi mapema utakuta bajaji zimepanga, makondakta, akina mama wa genge, wauza maji, wote wanataka mia na mia mbili. Yeye anauza chenji kwa roli, yaani sarafu zimepangwa zikaviringishwa kwenye karatasi ya kaki, kila roli ina sarafu 20, iwe hamsini, iwe mia, iwe mia mbili, iwe jero. Roli ya hamsini ni buku, ya mia ni elfu mbili, ya mia mbili ni elfu nne, ya jero ni elfu kumi, hesabu haikuchanganyi hata kama una usingizi. Juu yake anaweka faida yake, roli ya elfu mbili unampa elfu mbili na mia, ya jero unampa elfu kumi na mia tatu. Kuna wanaosema ni ghali, mimi sioni, kwa sababu mteja akija dukani na elfu kumi anunue kiberiti na ukamrudisha huna chenji umeshampoteza, kesho anaenda duka la jirani moja kwa moja.

Kinachonifurahisha ni jinsi anavyofunga. Ana kipande cha bomba la maji la plastiki amelipasua katikati kwa urefu, limekuwa kama mfereji, amekipigilia kwenye meza. Ndani ya huo mfereji amekwaruza alama kwa msumari, alama moja ya hamsini, moja ya mia, moja ya mia mbili, moja ya jero, kwasababu unene wa sarafu haufanani. Anamimina sarafu mle, anazisukuma kwa kidole gumba mpaka zikae wima zimebanana, zikifika kwenye alama anajua ni 20 bila kuhesabu. Halafu anazilaza kwenye karatasi, anaviringisha mara moja kwa nguvu, anakunja ncha kwa ndani kwa dole gumba, pande zote mbili, afu anaandika kwa penseli. Haijafungwa kwa gundi wala selotepu. Na ncha anaiacha wazi kidogo katikati, unaona uso wa sarafu ya mwisho, kama ni simba basi ni mia mbili, kama ni nyati ni jero.

Akishafunga anaweka kwenye mizani. Ni ile mizani ndogo ya watu wa dhahabu, na kule kwetu watu wa dhahabu wamejaa kwahiyo mizani sio ya kutafuta. Jero yetu ya sarafu, hii iliyotoka mwaka 2014 ikachukua nafasi ya noti, ina gramu 9.5, kwahiyo roli ya 20 ni gramu 190 na karatasi juu yake. Mizani ikisoma 181 ujue kuna moja imepungua, hakuna mjadala. Yaani anakupimia mbele yako kila roli, na wewe ukitaka unaifungua unahesabu hapohapo hakasiriki, anakwambia fungua mwanangu, hela ni ya kuhesabiwa.

Nalisisitiza hili kwasababu kuna mahali pengine hapahapa mjini, simtaji mtu, nilikuwa nachukua chenji zimefungwa kwenye nailoni, unafika dukani unakuta mia 19, siku nyingine katikati kuna washa ya chuma ya ukubwa uleule. Ukirudi kulalamika unaulizwa una uhakika gani umefungua mwenyewe. Kwa mzee hayo hayapo maana kila kitu kinamalizika mezani.

Sasa nije kwenye hela za zamani, na hapa ndio naomba mnisome vizuri.

Tabora sio mji wa kawaida kwa mambo ya sarafu. Wengi wetu tumezaliwa hapa tunapita boma na stesheni kila siku hatujui kwamba mwaka 1916 hela ilipigwa hapa hapa. Vita ya kwanza ya dunia, meli za Waingereza zimefunga bahari, Mjerumani hawezi kuletewa sarafu kutoka kwao, na watu wanataka kulipwa. Ikabidi wapige wenyewe, karakana ya reli ikahamishiwa Lulanguru, nje kidogo ya mji, ikageuzwa kiwanda cha hela. Heller ni kama senti za rupia, hela ya Mjerumani, basi wakapiga heller 5 na heller 20 za shaba, malighafi ni vyuma chakavu na hata maganda ya mizinga, na zote zina herufi T, ndio Tabora hiyo. Wakapiga na ya dhahabu, rupia 15, dhahabu yake ilitoka mgodi wa Sekenke, upande mmoja ina tembo amenyanyua mkonga na nyuma yake Mlima Kilimanjaro. Zilipigwa 16,198 tu. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakauchukua mji na kazi ikaishia hapo.

Kwahiyo hizi heller za T zinaokotwa mpaka leo mashambani huku kwetu, watu wanalima wanaziibua, wanabomoa nyumba za zamani wanazikuta, na mara nyingi haziji moja moja. Wazee walizifunga. Wengine kwenye kitambaa, wengine kwenye karatasi, wengine walizipitisha kamba kwenye tundu zile zenye tundu. Sasa mtu akishika kifurushi kizito cha hela ya Mjerumani kichwa kinampanda, anaanza kutaja mamilioni kabla hata hajajua ndani kuna nini.

Na hapa ndio huduma ya mzee inapopita wanunuzi wote niliowahi kuwaona. Yeye hanunui roli iliyofungwa na hauzi roli ya zamani iliyofungwa. Kanuni yake anairudia kila siku: roli haina bei mpaka ifunguliwe. Ukimletea, anaipima kwanza ikiwa nzima, anaandika uzito kwenye daftari, anapitisha sumaku, halafu anakupa WEWE uifungue kwa mkono wako. Yeye mikono yake iko juu ya meza, haigusi mpaka sarafu zote zimepangwa unaziona.

Siku moja nimesimama pale nasubiri chenji akaja kijana ametoka upande wa Urambo na roli ya rupia za madini ya fedha, karatasi imechakaa kweli imekuwa rangi ya chai, na ncha zote mbili anaonekana Kaisari, mfalme wa Ujerumani, na kofia yake yenye sanamu ya ndege, safi kabisa. Kijana anataka milioni mbili. Mzee akamsalimia vizuri, mwangaluka, akamkalisha, akaiweka kwenye mizani. Rupia moja ya fedha ni gramu 11.66, kwahiyo 20 zinatakiwa zisome kama gramu 233. Mizani haikufika hata 180. Mzee hakusema kitu. Akachukua sumaku yake iliyofungwa kwenye uzi akaining'iniza juu ya roli, akaipitisha taratibu kutoka ncha moja hadi nyingine. Kwenye ncha, kimya, uzi umenyooka. Katikati sumaku ikaruka ikaganda kwenye karatasi. Fedha haivutwi na sumaku. Kijana akafungua mwenyewe, rupia mbili za kweli, moja kila upande, na katikati washa za chuma zilizopigwa mswaki wa rangi. Masikini na yeye alikuwa ameuziwa. Mzee akamnunulia zile rupia mbili kwa bei nzuri tu na akamwambia karatasi aitunze aende nayo kwa aliyemuuzia akiwa na shahidi. Hakumcheka, hakumuita tapeli mbele za watu.

Huu mchezo wa kuweka nzuri kwenye ncha sio wa kwetu peke yetu. Marekani kukusanya sarafu kwa roli ni mambo ya watu wengi, benki zao zinatoa roli zilizofungwa, robo dola 40 kwenye roli moja ya dola 10, senti kumi 50 kwenye roli ya dola 5, na watu wanazinunua wakitafuta za zamani, kwa mfano senti kumi na robo za mwaka 1964 kurudi nyuma zina fedha asilimia 90. Basi wajanja wanaweka moja ya fedha inayoonekana kwenye ncha, katikati wamejaza za kawaida, wanaiuza roli kwa bei ya juu wanasema haijawahi kufunguliwa. Mnunuzi anaogopa kuifungua kwasababu ameambiwa ikifunguliwa thamani inashuka. Hiyo hofu ndio inayomlisha tapeli. Karatasi kuukuu inatengenezwa kwa chai na jua, mtu yeyote anaweza.

Nilimpelekea za nyumbani kwetu. Babu mzaa mama alikuwa mtu wa reli, na mama alibaki na kifurushi chake, kitambaa cha kaki kimeshonwa kwa uzi, ndani kuna karatasi, ndani ya karatasi sarafu zimegandana na kutu ya kijani. Mzee hakuzibandua kwa kisu kama nilivyoona wengine wanavyofanya. Aliziweka kwenye kikombe na mafuta ya zeituni akaniambia nenda nazo nyumbani ziache humo humo usiziguse, zitaachana zenyewe, na kweli ziliachana. Na akanikataza kabisa kusugua. Jamani hili ni la kusikia: usisugue sarafu ya zamani. Sio kwa ndimu, sio kwa majivu, sio kwa poda ya masufuria, sio kwa dawa ya meno. Ile rangi nyeusi au ya kahawia imekaa miaka mia moja na mkusanyaji anailipia hiyo, ukiing'arisha unabakiwa na shaba yenye mikwaruzo na bei inaanguka zaidi ya nusu. Ana sarafu mbili kwenye kibati anazoonesha wateja, heller 20 zote mbili, moja imeachwa na moja mtu aliisugua na steelwool, kwenye lenzi ile ya pili unaona mistari imekwenda kila upande mpaka kwenye herufi.

Akazipanga za babu moja moja kwenye kitambaa cheusi. Heller 20 za T zilikuwepo nne. Mi nilidhani zinafanana zote, kumbe hapana. Kuna yenye taji kubwa na yenye taji dogo, halafu ukigeuza kwenye neno HELLER unaangalia zile L mbili, ncha zake zimechongoka au zimejikunja kama mkia. Mchanganyiko wa taji na L ndio unasema ni aina gani, na ipo ya shaba ya njano na ipo ya shaba nyekundu. Alinipa lenzi nikaangalia mwenyewe, akasubiri mpaka nikaziona tofauti ndio akaendelea. Tatu alizipa elfu 25 kila moja, ya nne ya shaba nyekundu iliyokaa vizuri akaipa elfu 45.

Rupia ilikuwa moja, ya mwaka 1911, ila ilikuwa imechomelewa kikonyo cha kuvalia shingoni, bibi aliivaa. Hapo akanieleza ukweli ambao mwingine angeuficha au angeutumia kunibana: rupia ikichomelewa au ikitobolewa wakusanyaji wengi hawaitaki, bei yake inabaki ya fedha iliyomo. Fedha iliyomo ni asilimia 91.7, kwahiyo kwenye zile gramu 11.66 fedha tupu ni kama gramu 10.7, unazidisha na bei ya gramu ya siku hiyo. Akapiga kwenye kalukuleta ananigeuzia nione. Halafu akasema, lakini hii mwanangu usiuze, imevaliwa na bibi yako. Nimeiacha na naivaa.

Zilizobaki zilikuwa za Mwingereza. Shilingi za simba, hizi watu wanadhani ni fedha tupu, hapana, zile za kuanzia 1921 mpaka 1946 zina fedha robo tu, asilimia 25, gramu 7.78 ndani yake fedha haifiki hata gramu mbili. Za 1948 kuendelea hazina fedha kabisa. Na senti kumi na senti tano za tundu zikiwa nyingi sana, humo ikiwemo ya 1936 yenye jina la Edward VIII. Huyu mfalme alikaa mwaka haujaisha akaachia kiti, Uingereza kwenyewe sarafu zake hazikuingia mtaani, ila huku kwetu sarafu ya tundu haina sura ya mfalme, ina jina tu, kwahiyo zilipigwa na zikatumika. Sasa mitandaoni mtu anaiuza laki tatu anasema ni adimu duniani. Mzee anazo kopo zima. Anauza elfu tatu na ukichukua kumi anapunguza. Ndio ujue mfalme adimu sio lazima sarafu adimu, kinachohesabiwa ni zilipigwa ngapi na zimebaki ngapi na ziko katika hali gani.

Kuna kundi lingine analipokea kila wiki, watu wa rupia inayovuta mchele. Mnaijua hii, rupia ya Mjerumani ukiiweka karibu na mchele au sindano inavuta, eti ina madini ndani, kuna Mwarabu au Mzungu anasubiri Dar na mabilioni. Watu wameuza ng'ombe, wameuza mashamba kwa ajili ya hili. Mzee akiletewa anachukua mchele anaumwaga mezani, anaweka rupia, mnaangalia wote, haivuti. Kama inavuta sindano anaichukua sumaku, ikiganda anasema hii ni chuma imepakwa, haina hata fedha. Na ya dhahabu ya tembo ndio usiseme, bandia zake ni nyingi mno. Ya kweli ni gramu 7.168, dhahabu asilimia 75, na zipo aina mbili kulingana na lile pambo la upande wa kulia linaishia chini ya herufi gani kwenye OSTAFRIKA, chini ya T zilipigwa 9,803 na chini ya A ya kwanza 6,395. Mzee anasema maisha yake yote pale kibandani ameletewa nyingi na ya kweli aliyoishika ni moja, na hakuinunua kwasababu hakuwa na hela ya kumlipa mwenyewe kwa haki, alimwambia aende nayo kwa watu wa mnada na asikubali kuikata wala kuiyeyusha. Mi namuamini.

Sasa nisiwe kama nimelipwa kumsifia, kuna mambo sikubaliani naye na nimemwambia usoni kwa heshima zote.

La kwanza na ndio kubwa, hazithamini sarafu zetu wenyewe. Ukimpelekea senti tano ya samaki, senti ishirini ya mbuni, senti hamsini ya sungura, shilingi ya mwenge, zile za kuanzia 1966 baada ya Benki Kuu yetu kufunguliwa, anaziweka kwenye ndoo moja anauza kwa kilo. Anasema ni nyingi. Ni kweli ni nyingi, ila zilizotumika ndio nyingi! Zile hela zilitembea, zilikaa kwenye mifuko ya wakulima, zilipita mikononi kwa miaka zaidi ya ishirini, utapata wapi ya 1966 inayong'aa kama imetoka kiwandani leo? Hapo ndipo roli inapokuwa na maana ya kweli. Mtu aliyepokea sarafu mpya za mwaka mmoja akazifunga siku ileile na hakuzifungua, zile za katikati zimelindwa na wenzake, hazijasuguana na funguo wala hazijashikwa na jasho. Za kwenye ncha ndizo zinakuwa zimebadilika rangi na zina alama ya mkunjo wa karatasi, kwahiyo ukiona roli ambayo ncha ni nyeusi kidogo na ndani ni mpya, hiyo ni dalili nzuri, ni kinyume kabisa cha roli ya tapeli ambayo ncha ndio nzuri. Roli ya hivyo ya senti ishirini za 1966 nikiipata mi naipa bei kuliko heller tano zilizochakaa. Na haya ni maisha yetu, sura ya Mwalimu iko pale, tusisubiri miaka mia ipite ndio tuanze kuzitafuta mashambani.

Ila nakubaliana naye kwa vijana wanaofunga jero za 2014 na kuziweka chini ya kitanda wakisubiri utajiri. Kila wiki kuna anayemuuliza. Anawajibu hizo bado ni chenji, nami naongezea mfano wa Marekani, senti tano za mwaka 1950 zilizopigwa Denver, zilipigwa 2,630,030 tu, kwa nchi ile ni chache sana, watu wakajua mapema wakaanza kuzihifadhi kwa roli, miaka ya mwanzo ya 1960 bei ya roli ikapanda kwa fujo kila mtu anataka, halafu ikaporomoka. Kwanini? Kwa sababu kila aliyezitaka alikuwa ameshazifunga, hazikupotea, zote zilibaki mpya kabatini. Sarafu inakuwa adimu pale watu wanapoitumia bila kuijali. Jero mnazozificha wote mtazitoa siku moja na hazitakuwa na mnunuzi zaidi ya mimi wa dukani, na nitazipokea kwa jero.

La pili, akinunua yeye bei ni ya chini. Heller aliyoniambia thamani yake ni elfu 25 akinunua yeye anatoa elfu 15. Hafichi, anakutajia zote mbili, thamani ni hii na mimi naweza kutoa hii, lakini pengo ni kubwa na kama una subira unaweza kumpata mkusanyaji mwenyewe, hasa watalii wanaokuja Kwihara kwenye nyumba ya Livingstone, au watu wa Dar. Mimi niliuza mbili kwake kwasababu nilitaka kulipa mzigo wa sukari, nyingine nimezibakiza.

La tatu, hatoi risiti mpaka uombe, na ukiomba anaandika kwenye kipande cha karatasi bila hata muhuri. Kwa chenji sio shida, ila kwa sarafu ya elfu hamsini naomba iandikwe aina, mwaka, uzito na hali yake, ili nikija kuuza niwe na cha kuonesha. Nimemwambia anunue kitabu cha risiti, amecheka akasema atanunua, mpaka leo bado.

La nne, mwanga. Kibanda kina giza, jioni haoni vizuri na anatumia tochi ya simu ambayo inafanya kila kitu king'ae. Nendeni kati ya saa tatu na saa sita asubuhi, foleni ya makondakta imeisha na jua linaingia mlangoni moja kwa moja. Ijumaa anafunga mapema kwa ajili ya swala, Jumapili yupo nusu siku.

Kuthaminisha ni buku kwa sarafu moja, roli nzima elfu tano, na ukiuza kwake hiyo hela anakurudishia. Hela ya simu anapokea lakini makato ni juu yako. Wa Kigoma mnaokuja kwa treni, mkishuka stesheni bodaboda mpaka sokoni sio mbali, na kama mna kifurushi cha wazee msikifungue njiani wala msikisafishe ili kipendeze, kileteni hivyohivyo na kitambaa chake na uzi wake, maana hata kitambaa anakiangalia, na msiende peke yenu kama mmebeba kitu cha maana. Wa chenji chukueni za mia mbili mapema, saa mbili na nusu zinakuwa zimeisha.